Mtandao Usiokatika

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile aliitwa Profesa. Wenzake walimwita hivyo kwa kejeli, naye akadhani ni sifa. Mtandao wa ofisi ulikatika karibu kila asubuhi kwa robo saa hivi, na wakati wengine wamekodolea macho skrini zilizoganda, yeye alikuwa anachapa kazi. Wakimuuliza siri yake, alijibu kwamba mashine humtii anayeijua. Maringo hayo, jamani!

Mama wa usafi alikuwa na shida zake. Mama yake mzazi alilazwa hospitali ya mbali, na kila siku alinunua bando dogo la intaneti ili mchana waonane kwenye simu. Siku hizi bando lilikuwa linaisha kabla ya mchana. Akampelekea Profesa simu aitazame, akamweleza kwamba Alhamisi saa sita mgonjwa anaingia kupasuliwa, na lazima amwone kabla. Profesa hata hakuifungua vizuri. Alimwambia mbele ya watu kuwa simu haina kosa, apunguze kuangalia video. Ofisi nzima ikacheka, naye akashukuru na kuchukua ndoo yake.

Alhamisi mtandao ulikatika saa nne, ukagoma kurudi. Ilipofika saa sita kasorobo, Profesa akiwa katikati ya kumtambia mhasibu, mashine yake nayo ikasimama. Akafungua orodha ya mitandao. Ilikuwa imeunganishwa na simu ya mama wa usafi, na chini yake imeandikwa kwamba hakuna intaneti.

Hapo akakumbuka. Miezi miwili nyuma aliiazima simu ile dakika tano, atume ripoti. Yeye mwenyewe aliwasha humo sehemu ya kugawa intaneti, akaiagiza kompyuta yake iukumbuke mtandao huo, na hakuizima. Tangu siku hiyo, mtandao wa ofisi ukianguka, kompyuta ilirukia simu ya yule mama bila kuuliza mtu. Wa ofisi ukirudi, nayo ilirudi kimya kimya. Na yeye, fundi mzima, hakuwahi kutazama. Aliona aibu, akatoka mbio kumtafuta.

Alipomkuta kwenye ngazi anapiga deki, saa sita ilikuwa imeshapita. Akamweleza yote, akaomba radhi, akamnyooshea simu yake mwenyewe ampigie mgonjwa.

"Wameshamwingiza," alisema mama wa usafi. Hakuipokea.

Profesa akaapa kwamba hakujua.

"Mimi nilijua. Jina la kompyuta yako linatokea kwenye simu yangu kila ikiingia."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

Mama akakamua tambara kwanza, taratibu.

"Si nilikuletea simu? Kuzima sijui; nilitaka uone mwenyewe, uzime. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu."