Fungu la Moza

Mie husahau viatu msikitini, husahau salamu nilizotumwa nizifikishe, na juzi hapa nilimsahau jina mjomba wangu mbele ya uso wake. Lakini neno lililosemwa darasani kwetu sijapata kusahau hata moja. Kichwa hiki ni sanduku la chuma. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wanawake waliokaa wakichambua karafuu uwanjani kwa Bi Mwanapili, alasiri moja ya msimu wa mwaka huu wa sitini. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari ya Unguja, na kazi yangu ilikuwa kula na kusema.

"Haya, sanduku," alisema Mwatum, ambaye tulisoma naye darasa moja na sasa ni mke wa mtu. "Mwalimu Soud alikuja lini?"

"Khamsini na sita, masika."

"Khamsini na saba, vuli. Alikuja karafuu ziko majamvini, akazikanyaga."

Nikasema hata chuma hupata kutu pembeni. Wakacheka, nikaendelea.

Hadithi niliyokuwa nikiwasimulia ilikuwa ya Moza, mtoto wa Bi Mwanapili. Mwenyewe alikuwepo pale, amekaa mwisho wa jamvi, uso ameuelekeza kwangu. Anakamata kishada, anakisugua kiganjani, karafuu zinakwenda huku na makonyo, vile vijiti vyake vitupu, kule. Moza hasikii tangu kuzaliwa, kwa hiyo sikuona ubaya kuisimulia mwenyewe akiwa mbele yangu.

Skuli yetu iko mwendo kidogo ukitoka Mgogoni kwa miguu, nyumba moja ndefu ya udongo yenye bati jipya na benchi chache. Bi Mwanapili alimpeleka Moza asubuhi moja, akamkalisha benchi la mbele, akageuka aende zake. Mwalimu mkuu akamwita.

"Bi Mwanapili, mtoto huyu hasikii."

"Najua, mwalimu. Nimemzaa mimi."

Basi somo likaanza. Mwalimu Soud alikuwa kijana wa mjini Unguja, anasema kama anayesoma gazeti. Aliposema, kila mtoto alipata fungu lake la maneno masikioni kama kawaida. Fungu la Moza nalo lilimwendea, likakuta pamefungwa, likaanguka chini. Hadi adhuhuri, sakafu kuzunguka miguu yake ilikuwa imejaa maneno ukubwa wa karafuu mbichi, yenye vichwa vyekundu kidogo. Jaribu, mtoto wa muuza samaki, alikanyaga "thelathini" kwa mguu mtupu akachechemea hadi nyumbani.

Waliolalamika ni wenye zamu ya kufagia, kwa kuwa kazi iliwazidi. Mwalimu mkuu akaamua kwamba taka ni taka, na anayezimwaga azizoe. Kuanzia siku ya pili Bi Mwanapili akawa anakuja adhuhuri na ufagio wa chelewa na pakacha. Anafagia chini ya benchi la mbele, anapekua pembeni yalikojiviringisha maneno ya hesabu, anajitwika, anarudi kwake.

Nyumbani aliyaanika jamvini pembeni ya karafuu. Bi Mwanapili hakusoma skuli, alisoma Kurani chuoni tu, lakini alijua kwamba kitu kibichi hakilundikwi, kitapata joto kioze. Mvua ikija aliyaanua maneno kwanza, karafuu baadaye, na mumewe Mzee Hamad alinung'unika hadi akachoka. Yakishakauka, aliyachambua. Kisha akamfundisha mwanawe kama alivyomfundisha kula, yaani kwa mkono. "Maji" alilitia ndani ya kata. "Moto" aliliweka juu ya jiwe la jikoni. Moza alilishika neno, akalipapasa kwa dole gumba, akaligusa kwa ulimi, kisha akakishika kitu chenyewe. Usiku "kesho" lililazwa chini ya mto wake. Asubuhi alipolikuta akalielewa. Maneno ya ubaoni na maneno ya mkononi aliyalinganisha mwenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Tabu ilikuwa "kwa sababu." Majirani walilizunguka siku nzima. Mzee Hamad akashauri litupwe, akasema yeye ameishi miaka yote hiyo na mkewe bila ya hilo. Bi Mwanapili akatia kuni mbichi jikoni. Moshi ulipojaa na Moza kuanza kutoa machozi, akalichukua neno, akaligusisha kwenye kuni, akaligusisha kwenye chozi. Tena kuni, tena chozi. Moza akacheka huku analia. Tangu siku hiyo akawa anamfuata mamake nyumba nzima na lile neno mkononi, analigusisha kwenye kila kitu na kusubiri.

Lakini mengi yalikuja yamevunjika. Mwalimu Soud alikuwa na mazoea ya kusema huku anaandika, mgongo kwa watoto. Maneno yaligonga ubao kwanza, na fungu la Moza likaanguka chenga tupu. Bi Mwanapili akazifunga chenga hizo kwenye pembe ya kanga, akaenda skuli.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea masomo yako ya jana." Akalifungua fundo. "Nimeyapepeta yote, sikupata hata moja zima. Ukiandika, nyamaza. Ukisema, mtazame mtoto."

"Nina darasa zima, bibi."

"Na hao wengine nao watazame. Au hao huwafundishi?"

Mwalimu Soud alikasirika siku moja, halafu akajaribu. Akiandika alinyamaza, akimaliza aligeuka akasema taratibu, uso kwa uso. Maneno yakaanza kuanguka mazima, mengine na vikonyo vyake. Likatokea na jambo jingine ambalo hakulitaja kwa mwalimu mkuu: darasa zima likaanza kuelewa, hata Jaribu, ambaye hadi hapo alikuwa anakuja skuli kwa mazoea tu. Mwaka uliofuata Moza alikuwa anamaliza hesabu kabla chaki haijarudi mezani.

Kulibaki jambo moja, nalo ni kuita majina. Amri ya skuli ilikuwa kwamba anayeitwa aitike kwa sauti, na asiyeitika hayupo. Moza hakuitika. Kwa hiyo kila asubuhi hakuwepo, na kila adhuhuri alikuwa amepata hesabu zote. Mwalimu Soud alilipeleka jambo hilo kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamwambia kwamba amri imetoka juu na yeye yuko chini.

Ikaja habari kwamba mkaguzi anakuja. Skuli nyingine zilikuwa na upungufu wa benchi, na penye mtoto asiyekuwepo siku zote, nafasi yake itachukuliwa ipelekwe panapohitajika. Benchi la Moza likichukuliwa, Moza hana pa kukaa, na asiye na pa kukaa hana skuli.

Bi Mwanapili akashauriana na Mwalimu Soud. Jirani wa Moza kwenye benchi atamgusa bega jina lake likiitwa, naye atasimama na kunyanyua mkono. "Mkaguzi hana macho?" aliuliza Bi Mwanapili. Wakafanya mazoezi nyumbani. Mama anaita, anamgusa mwanawe begani kwa upawa, mtoto anasimama. Moza akaona mkono peke yake hautoshi. Akaweka kiganja kwenye koo la mamake, akamfanya aseme "nipo" mara nyingi, kisha akajaribu kwa koo lake mwenyewe. Ilitoka kama mlango wenye bawaba kavu. Bi Mwanapili akaridhika. Mlango nao ukilia, waliomo ndani hujua kuna mtu.

Siku ikafika. Mkaguzi alikuja na soksi hadi magotini, akapewa kiti karibu na dirisha. Mwalimu Soud akaita majina kwa sauti ya gazeti. Watoto wakaitika. Akafika kwa Moza binti Hamad, akanyanyua macho, akasubiri.

Mkono uliokuwa uguse bega haukugusa. Badala yake, sauti moja ikanadi kama ya dalali, "Hayupo!"

Darasa likaangua kicheko. Moza aliona vinywa vimefunguka, akadhani kuna furaha, akacheka na yeye. Mkaguzi akaandika. Majina mawili matatu yakapita, ndipo Moza alipoona kwamba aliyemfuatia ameshaitika. Akasimama peke yake, akanyanyua mkono juu kabisa, akasema "nipo" kwa ile sauti ya mlango.

"Na huyu anayesimama bila kuitwa?" aliuliza mkaguzi.

"Huyu huja tu, bwana," alijibu mwalimu mkuu.

Mwalimu Soud akaita jina lililofuata. Wiki ya pili ikaja gari kuchukua benchi la mbele. Moza alikuwa amelikalia, anaandika. Wakamshika mkono wakamwinua kwa adabu, jirani yake akasogezwa benchi la nyuma, wakalipakia. Adhuhuri Bi Mwanapili alikuja, akafagia pale palipokuwa na benchi, akaokota hata yaliyoingia nyufani, akamchukua mwanawe wakaenda. Hadithi yangu ikaishia hapo.

Wanawake waliendelea kuchambua.

"Na aliyesema 'hayupo' ni nani?" aliuliza Mwatum.

"Aa, yakhe, palikuwa na kelele siku ile. Pengine Jaribu."

"Jaribu siku ile alikuwa Msuka, harusi ya dadake."

"Basi mwingine. Mie nilikaa nyuma kabisa, hata sikuona vizuri."

"Sanduku la chuma," alisema Mwatum.

"Mwanangu, sema polepole," aliingilia Bi Mwanapili, bila kunyanyua macho kwenye karafuu. "Hilo 'pengine' lako limeanguka vipande viwili, anahangaika nalo."

Ndipo nilipotazama jamvini. Kuzunguka magoti ya Moza maneno yangu yalikuwa yamelala, alasiri nzima yamekuwa yakianguka, mabichi, yenye vichwa vyekundu. Alikuwa akiyaokota moja moja katikati ya vishada, analipapasa kila moja kwa dole gumba, analiweka kando, halipeleki kwenye karafuu wala kwenye makonyo. Kila mtu uwanjani alikuwa anajua. Aliyesahau ni mimi.

Moza akaunga vipande vya "pengine," akalisoma. Akasoma "nyuma," akasoma "kabisa." Akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na bati la biskuti la dukani kwa Natwarlal. Akalifungua mbele yangu. Yalikuwemo maneno makavu, meusi, yamehifadhiwa vizuri. Alipekua kidogo, akatoa moja, akaniwekea kiganjani.

Lilikuwa "hayupo."

Neno lililokaushwa vizuri halipotezi harufu ya kinywa lilikotoka. Hili lilinuka embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Darasani kwetu mtu aliyekuwa akila embe mbichi kwa kificho alikuwa mmoja tu, na alikuwa akizificha chini ya benchi la mbele, upande wa kushoto, bega kwa bega na Moza.

"Embe za weye hizo," alisema Mwatum, kabla sijalifumbata. Akalichukua, akanusa tena ahakikishe, akampa wa pili. Likapita kutoka pua hadi pua, wanawake wanalinusa kama wanavyonusa karafuu za mtu mgeni, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Moza akanyoosha mkono arudishiwe. Akalirudisha batini, akafunika.

"Mwanangu Duni naye hayupo mwaka huu," alisema Kazija, jirani wa Bi Mwanapili, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.

"Kwani yuko wapi?" nikauliza.

"Yupo skuli, kila siku."

Duni ni mtoto anayeelewa mambo kwa mwendo wake. Akiitwa jina, huitika, lakini "nipo" yake hufika majina yameshapita matatu, na hapo anakuwa amemwitikia mtu mwingine. Fungu lake halianguki lote, huanguka nusu. Majina yanaitwa vile vile, na mwalimu mkuu ni yule yule. Mwalimu Soud alihamishwa zamani. Adhuhuri Moza ndiye anayekwenda na ufagio na pakacha, anamfagilia Duni chini ya kiti chake, na jioni wanayaanika pamoja. Anafika mlangoni, anafagia, anaondoka. Hajaambiwa akae.

Wanawake wakawa wananitazama sasa, wanasubiri. Nikakohoa. Nikamgeukia Moza, uso kwa uso, taratibu, kama alivyofundishwa Mwalimu Soud, nikasema neno moja zuri la kuomba radhi, la mtu aliyefika sekondari, lenye Kiarabu ndani yake.

Likaanguka zima. Moza akaliokota, akalipapasa kwa dole gumba, akaligusa kwa ulimi. Akafikiri kidogo. Kisha akalitupa upande wa makonyo, akachukua kishada kingine.