Hamdiya Ajipa Tano

Hamdiya alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kuupaka sukari. Miaka yote yeye ndiye anayekaa na Mama pale Bawshar, anamwosha, anamsagia chakula, anampeleka hospitali na kugombana na foleni ya magari. Kisha Hisham, ndugu yake mdogo, anashuka kutoka Uswidi na begi la chokoleti, na Mama anachangamka utadhani mgonjwa ni mtu mwingine. Na huyo Hisham mwenyewe, tangu afike, msikitini hajatia mguu.

Safari hii alikuja na kazi yake. Chuo anakofundisha kinapima utulivu wa roho katika nchi ambazo watu wengi wameachana na dini, naye akataka kuyajaribu maswali kwa Kiswahili, kwa watu wa nyumbani. Mtu husomewa sentensi akajipa alama: moja ikiwa haimhusu hata kidogo, tano ikiwa ni kweli tupu. Yeye mwenyewe alishajipima, akasema bila haya, na alitoka vizuri tu.

Hapo Hamdiya alichomeka. Mtu aliyeiacha swala atulie roho kumshinda yeye anayeamka kila alfajiri? Akaisogeza birika ya kahawa pembeni, akataka aanze yeye kuulizwa, tena hapo hapo mbele ya Mama.

Maisha yangu yana maana: tano. Nikilala, nalala na moyo mweupe: tano. Sijapata kumwonea mtu wivu: tano, na hiyo aliitamka kwa sauti, Mama asije akakosa kusikia.

Hisham aliinamia kompyuta yake akajikuna shingo. Akaeleza kwa upole kwamba sentensi ile ya wivu imewekwa makusudi, kuwanasa wanaojipamba, kwani hakuna binadamu wa kujipa tano pale. Majibu yote ya dada yake yatabidi yatupwe.

Hamdiya alitamani zulia limmeze. Kutupwa, mbele ya Mama, na nani? Na huyu.

"Hebu niulize mie hilo la wivu," Mama akasema.

Hisham akamsomea. Mama akakitikisa kikombe chake, kuonyesha kahawa imemtosha, akamkabidhi Hamdiya.

"Niandikie moja. Wivu nnao, tena namuonea huyu hapa."

Hamdiya alidhani anafanyiwa mzaha, lakini Mama hakuwa akicheka.

"Mama yangu nlimwacha Unguja nlipovuka bahari kuja huku, yuko kitandani. Kafa anakoshwa na majirani. Kila Hamdiya akinikosha miguu, wivu unanishika. Yeye kapata mama wa kumkosha, mie sikupata."

Hamdiya alikuwa bado ameshika kile kikombe, hajui akiweke wapi. Adhana ya alasiri ilipoanza, Mama akanyoosha mkono ashikwe akatawadhe, kama kila siku. Aliyewahi kuinuka alikuwa Hisham, macho mekundu.

"Kaa chini," Hamdiya akamwambia. "Huyu wangu."

Akamwinua Mama taratibu, wakashika njia ya bafuni hatua moja moja. Walipofika mlangoni akageuka.

"Na mie niandikie moja," akasema.