Kisiwa Mgongoni mwa Mama

Usiku wa jana niliota nimealikwa kwenye mkutano wa fedha wa dunia nzima, na kazi yangu ilikuwa kushika pindo la kanga. Sikushangaa. Mtu mzima akialikwa, anakwenda.

Ukumbi una baridi ya friji. Nchi zinazojitawala zimeketi vitini, na zisizojitawala zimefungwa mbeleko, maana kanuni inasema kila kisiwa kihudhurie mgongoni mwa mamaye. Ninayemshikia pindo anaitwa Nchi Mama. Amebeba Kisiwa cha Kungumanga, kizima na minazi yake, kina masharubu na sauti nzito.

"Bibi," kikaninong'oneza, "bahari imeingia darasa la tatu. Nataka kuomba mkopo nijenge ukuta. Wakifunga mkutano leo bila ukuta, mwakani nitakuwa chumvi."

"Sasa si useme!"

"Aliye mgongoni hapewi kipaza sauti."

"Ni kweli," kipaza sauti kikadakia. "Naomba radhi. Nina familia."

Aliyeongoza mkutano alikuwa kiti cha ngozi, hakuna mtu juu yake. Kikakohoa. "Kungumanga hajambo?"

Nchi Mama akabana pua, kama tufanyavyo sote tukimsemea mtoto. "Chikamoo babu! Chijambo! Nimechiba, chitaki kitu!"

Na masharubu yale! Niliona aibu mpaka visiginoni.

"Marahaba," kikasema kiti. "Kameshiba. Tupige kura."

Kura huko hupimwa kwa uzito. Papo hapo ukumbi ukawa kliniki yetu ya watoto hapa Tabora, mzani unaning'inia darini na kisuruali chake cha turubai. Nchi Mama akajipachika humo pamoja na kisiwa na minazi yote. Mshale ukazunguka, ukazunguka tena, ukaomba maji ya kunywa.

"Uzito wote ni wangu," akasema Nchi Mama.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kwa mambo ya riba utanidanganya, lakini si kwa kliniki. Kila mwezi nampeleka mjukuu wangu Tausi, mwenye miaka miwili na ushee na bado hajatamka hata neno. Mama yake huniambia nisihofu. Nahofu sana.

"Mwanangu," nikamwambia Nchi Mama, "mtoto hapimwi pamoja na mama yake. Hushushwa, akapimwa peke yake."

"Nani kasema?"

"Mimi," ukajibu mzani, kwa sauti ya muuguzi aliyekosa chai. "Foleni ndefu, mama. Mshushe!"

Nikavuta pindo. Fundo likaachia, kisiwa kikatua sakafuni, maji ya bahari yakafika magotini mwa wajumbe. Wakapandisha suruali zao. Furaha ilinijaa, nikapiga vigelegele peke yangu. Kipaza sauti kikaja mbio kwa mguu wake mmoja.

"Haya," kikasema kiti, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Kungumanga kikapangusa masharubu, kikafungua kinywa.

Nikaamka.

Kumekucha. Nikamfunga Tausi mgongoni, nikatoka kununua maandazi kwa jirani, Mama Kashindye.

"Tausi, hujambo mwanangu?" akauliza.

Nikabana pua. "Chijam..."

Hapo mkono wangu ukagusa pindo la kanga. Lilikuwa limelowa chepechepe. Nikaonja kidole, chumvi tupu. Na hapa Tabora bahari tunaiona kwenye kalenda.

Nikafumba mdomo. Nikafungua fundo, nikamshusha mtoto chini.

"Tausi, hujambo?" Mama Kashindye akarudia.

Tausi akakohoa, akamtazama usoni.

"Ukuta," akasema. "Mrefu."