Ndama Mwekundu katika Zizi Lililofungwa

Gemu la kwanza Shukrani alilifuta siku ileile. Lilikuwa la farasi, na mchezaji aliyetaka farasi mweupe alimnunua tu, kama mtu anayenunua rangi ya ukuta. La pili lilikuwa la samaki. Kila kizazi kilitoka na rangi za kubahatisha, mtoto hana cha mama wala cha baba. La tatu, la mbwa, lilipendeza macho, lakini mweusi na mweupe walizaa wa kijivu, kama chai iliyotiwa maziwa. Shukrani alikuwa amesoma sayansi ya mifugo Bujumbura kabla vurugu za mwaka 2015 hazijamtoa huko, na alijua kwamba urithi haufanyi kazi hivyo.

"Dada, wewe unatafuta gemu kama watu wanavyotafuta mchumba," Ashraf alimwambia. "Kila mmoja ana kasoro."

Ashraf ndiye mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Gungu, Kigoma, ambako Shukrani alifanya kazi. Ndiye pia aliyekuwa akimletea magemu hayo kwenye flashi kutoka kwa rafiki zake wa mjini. Shukrani alimjibu kwamba anataka moja tu lisiloongopa.

La nne lilikuwa la ng'ombe. Humo kila mnyama alibeba vinasaba viwili vya rangi, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Weusi uliufunika wekundu, na kilichofunikwa hakikupotea, kilisubiri. Mchezaji alijenga zizi, akachagua dume, akaona ndama. Shukrani alilicheza mchana, wateja walipopungua, na alilipenda kuliko alivyotarajia. Alipenda kukisia rangi ya ndama kabla hajazaliwa, na alipenda zaidi pale alipokosea kisha akarudi nyuma kwenye ukoo wa mnyama na kuiona sababu. Lakini hakuwa amelitafuta kwa ajili yake. Alilitafuta kwa ajili ya baba yake.

Baba yake, Nikodemu, alikuwa na kibali cha kutoka kambini Nyarugusu kuja Kigoma kutibiwa nyonga. Yeye, mkewe Honorata na Shukrani walikaa katika chumba kimoja walichopanga kwa Mama Mwamini. Kule kwao, upande wa pili wa mpaka, Nikodemu alikuwa na ng'ombe weusi. Wote weusi, majike na dume, na kilima kizima kilimjua kwa weusi huo. Kisha jike mmoja alizaa ndama mwekundu.

Dume jekundu lilikuwa moja tu karibu, la jirani yao Bonaventura, ambaye Nikodemu aligombana naye kwa mpaka wa shamba. Mchungaji alikuwa Emmanueli, kaka mdogo wa Shukrani. Nikodemu alimwita, akamuuliza ni lini alimpeleka jike kwa Bonaventura, na alipewa nini. Kijana akasema hakumpeleka. Akaulizwa tena, mbele ya majirani, akasema hakumpeleka. Baba yake akamfukuza, akamwambia asirudi mpaka atakapokuwa tayari kusema kweli. Emmanueli akaenda kwa mjomba wake, mkoani Makamba. Haukupita muda, watu wakaanza kukimbia. Mjomba aliwakuta Nikodemu, Honorata na Shukrani Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni mwa ziwa, alikofika kwa miguu pamoja na umati uliokuwa ukingoja meli ya kuuleta Kigoma. Emmanueli hakuwa naye. Walikuwa wamepotezana njiani, milio ya risasi ilipoanza, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Hakuna isipokuwa Nikodemu. Yeye alimwona mara nyingi. Nyonga ilipomruhusu alishuka Kibirizi, mwaloni, boti za Kongo na za Burundi zilipokuwa zikishusha watu, na humo ndani ya kundi alimwona mwanawe akiwa amegeuza uso. Alimwona sokoni Mwanga, kisogo na mabega. Alimwona kwenye njia ya Mwandiga, nyuma ya pikipiki, akiwa ameinamisha kichwa. Kila mara kijana hakumtazama, na kila mara Nikodemu alirudi nyumbani akiwa ametulia, karibu ameridhika. Alieleza kwamba Emmanueli anaona haya. Mwenye kosa hamtazami baba yake usoni. Siku atakayokubali kosa lake, atakuja.

Kwa hiyo Honorata alikatazwa kumlilia. Alitaka kuketi matanga, ndugu waliokuwa kambini waje, jina la mwanawe litajwe, halafu baada ya muda maombolezo yaondolewe kwa taratibu za kwao na yeye aanze kulala usingizi. Mumewe alisema anayemlilia aliye hai anamwua. Alipomsikia analia jikoni, alimwita ndani akamwambia anyamaze. Honorata alikonda. Mama Mwamini, mwenyeji wa Ujiji asiyependa kuingilia ndoa za watu, alimwambia Shukrani kwamba mama yake atatangulia kabla ya huyo anayesubiriwa.

Shukrani aliposikia habari ya ndama, pale pale Kagunga, alijua. Alimweleza baba yake kwa maneno kwamba weusi wawili wanaweza kuzaa mwekundu. Nikodemu alimjibu kwamba hao ni ng'ombe wa vitabuni. Shukrani aliamini kwamba baba yake akiona kwa macho atamwondolea Emmanueli lawama, na akimwondolea, mama yake ataruhusiwa kulia. Mpango huo ulionekana hauna tundu.

Jumapili moja Ashraf alimruhusu kuondoka na laptopu ya duka. Alimtuma pia salamu.

"Mwambie mzee shikamoo. Na asinishinde alama zangu, aibu hiyo siiwezi."

Nikodemu alitazama kioo kwanza kama mtu anayetazama mkojo wa mgonjwa. Aliuliza ng'ombe hao ni wa nani. Shukrani alisema ni wake, achague. Akachagua weusi. Hakuchagua haraka, alikataa wawili kwa sababu ya miguu na mmoja kwa sababu ya chuchu, ingawa gemu halikuhesabu chuchu. Alipoambiwa awape majina, aliwapa yale ya ng'ombe wake, waliochinjwa na watu asiowajua. Aliyataja moja moja, kwa sauti ile ya kuwaita jioni, na Honorata aliyekuwa mlangoni akichambua mchele alisimamisha mkono. Majina hayo hayakuwa yametamkwa tangu walipovuka mpaka. Chumbani kulikuwa na watu watatu, lakini kwa muda ilionekana nafasi haitoshi.

Shukrani alimwonyesha jinsi ya kufunga lango. Alilifunga mwenyewe. Alimwonyesha kwamba dume ni moja tu, jeusi, na kwamba nje ya zizi hakuna zizi lingine. Nikodemu alizunguka uzio wote kwa mshale wa kioo, polepole, kama anatafuta pengo. Hakuliona.

Ndama wa kwanza alikuwa mweusi. Wa pili mweusi. Nikodemu alicheka kidogo, akamwambia binti yake kwamba hata mashine inajua. Alikuwa amesogea karibu na kioo, na Shukrani aliona kwamba anafurahia. Alikisia maziwa, alisifu pembe, alimkaripia jike mmoja kwa kuchelewa kushika mimba. Mwaka wa gemu ukapita. Kisha jike aliyepewa jina la yule aliyezaa mwekundu kule kwao naye akazaa ndama mwekundu.

Nikodemu aliondoa mkono.

"Lango nililifunga mimi," alisema.

"Ulilifunga wewe, Baba."

"Na hakuna dume lingine?"

"Hakuna. Wekundu ulikuwa kwa mama, na kwa dume pia, umefunikwa. Tazama." Alimfungulia ukoo wa jike. Bibi yake alikuwa mwekundu.

Nikodemu aliutazama mchoro huo kwa muda mrefu. Jike wake wa kweli alizaliwa na mtamba aliyepewa na baba mkwe, kwa desturi ya kwao, alipomwoa Honorata. Mtu aliyepewa ng'ombe hakuuliza habari za mama yake wala za nyanya yake. Kuuliza kulikuwa ni kumwambia aliyekupa kwamba unamshuku. Na dume nalo lilizaliwa na mtamba huyohuyo. Nikodemu alikuwa amepokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakuuliza kamwe.

"Mama wa mtamba yule alikuwa mwekundu," Honorata alisema kutoka mlangoni. "Yule aliyebaki kwa baba. Mwekundu kama udongo."

"Hukusema."

"Hukuniuliza. Na sikujua kwamba lina maana."

Mumewe aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Shukrani alikuwa amejiandaa kwa hasira, alikuwa na majibu yake yote tayari.

"Basi hakukosa," Nikodemu alisema.

"Hakukosa, Baba."

"Alisema kweli."

"Ndiyo."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Kama hakukosa, kwa nini hajaja?"

Kila alichokuwa ameandaa Shukrani kilihusu rangi. Alitambua, akiwa amechelewa, kwamba kosa la Emmanueli ndilo lililomweka hai miaka yote hiyo, likimtembeza Kibirizi na Mwanga akiwa amegeuza uso, na kwamba yeye ndiye aliyeliondoa, kwa ushahidi usiopingika.

Nikodemu alimwomba alitoe dume zizini.

"Nilipeleke wapi?"

"Popote. Mbali na majike."

Shukrani alilihamishia upande wa pili wa mto na kulijengea uzio. Akamweleza baba yake kwamba bila dume hapatakuwa na ndama, na gemu litasimama. Baba yake alisema anajua, na kwamba mtu yeyote asilirudishe mpaka atakaposema yeye.

Honorata aliweka ungo chini. Kwenye vilima vyao, nyumba iliyofiwa hutenganisha madume na majike mpaka maombolezo yaondolewe. Mara ya mwisho alikuwa ameona jambo hilo mama mkwe wake alipokufa. Shukrani, aliyeondoka nyumbani mapema kwenda shule, alilifahamu kwa kuutazama uso wa mama yake.

Honorata akavua kilemba. Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akalitaja jina la Emmanueli kwa sauti ambayo Mama Mwamini aliisikia uani. Nikodemu hakumwambia anyamaze.