Haki ya Reli ya Hegland

Siku halmashauri ya reli ilipopiga kura ya kumnyang'anya Orrin Veum haki ya kubeba mizigo, Merle Aasen hakuthubutu kumtazama usoni. Walikuwa wamekaa katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, kwa sababu Hegland, mji mdogo kama ilivyo miji mingi ya Dakota Kaskazini, haukuwa na ukumbi mwingine wenye joto. Wajumbe walikuwa watano. Wawili walimtaka Orrin aendelee, wawili waliitaka kampuni ya mjini. Mkono wa Merle ndio uliomaliza maneno.

Hakuhongwa, wala hakuwa na kinyongo. Yeye na Orrin walikua pamoja, wakavua samaki pamoja kwenye barafu kila majira ya baridi, na Orrin ndiye aliyesimama naye siku alipomwoa Eunice. Lakini Merle alikuwa mkulima wa ngano, na alikuwa amechoka kuiona ngano yake ikisubiri. Reli ile ilikuwa mali ya kaunti. Shirika kubwa la reli liliitelekeza zamani kwa kukosa faida, kaunti ikaiokota, na Orrin akapewa haki ya kuendesha treni juu yake. Alikuwa na kichwa kimoja tu cha treni, kikuukuu, alichokitengeneza kwa mikono yake kila kilipogoma. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yalikuwa yameoza, kwa hiyo treni ilijikokota, na wakulima walizoea kutania kwamba ndama akizaliwa Orrin anapoondoka, atakuwa dume la kuuza Orrin anaporudi. Kampuni ya mjini ilikuja na picha za vichwa vipya. Iliahidi kukarabati daraja la reli na kuleta treni ndefu za kupeleka ngano hadi bandarini. Merle aliamini. Alisema kikaoni kwamba urafiki ni kitu kimoja na ngano ni kitu kingine.

Orrin hakubishana. Alichukua kofia yake, akamshukuru mwenyekiti kwa kahawa, akatoka.

Treni ndefu hazikuja. Kampuni iligundua upesi kwamba kusafirisha ngano ni jasho jingi kwa faida kidogo, na kwamba kuna watu walio tayari kulipia maegesho. Viwanda vya mafuta vilikuwa na mabehewa ya tangi yaliyokosa kazi, na njia isiyopita treni ni mahali pazuri pa kuyalaza. Basi yakaletwa, meusi, mojamoja halafu kwa makundi, yakajipanga kutoka karibu na ghala la nafaka hadi mbele ya shamba la Merle na kuendelea. Ngano ikarudi barabarani, kwenye malori. Halmashauri ilipolalamika, ilikumbushwa mkataba wake yenyewe: haki ni ya kampuni peke yake, hakuna mwingine anayeruhusiwa kusogeza behewa kwenye njia ile, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lazima mabehewa yatembee.

Orrin hakukosa kazi kabisa. Ushirika wa wakulima, wenye ghala la nafaka, ulimwajiri asogeze mabehewa ndani ya uwanja wao, ambako kampuni haikuwa na mamlaka. Kichwa chake kilishinda hapo. Yeye na Merle hawakugombana, ila waliacha kuzungumza. Kanisani mmoja alikaa kushoto, mwingine kulia. Wakikutana dukani walisalimiana kwa kuinua kidevu tu. Eunice, ambaye alimpenda Orrin kama kaka, alimwambia mumewe mara moja tu kwamba alifanya vibaya, kisha akashona mapazia mazito ya dirisha la jikoni ili asiyaone mabehewa akiosha vyombo.

Mwezi wa Machi theluji ikayeyuka na bwawa la karibu likafurika, likaifunika barabara ya nyuma ya shamba la akina Aasen. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ile ya mbele, inayokata reli. Asubuhi moja wafanyakazi wa kampuni walikuja na mabehewa mengine, wakayasukuma yakaziba makutano hayo ya barabara na reli, saa zao za kazi zikaisha, wakapanda gari wakaenda zao. Merle alipopiga simu aliambiwa watarudi kesho.

Mchana huohuo taa ya kuwapasha ndama joto ilidondoka kwenye majani makavu, zizi likashika moto. Ulikuwa msimu wa ng'ombe kuzaa, zizi limejaa. Eunice alikuwa karibu, akaingia kufungua malango. Merle alitoka mbio kwenye karakana yake, akamkuta mkewe amepiga magoti matopeni, anakohoa, mikono yake imeungua viganja na vidole. Ng'ombe wachache walikuwa wametoka. Waliobaki ndani walikuwa wakilia, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea nyumbani.

Gari la zimamoto lilifika haraka, likasimama ng'ambo ya mabehewa, mbali mno kwa mipira yake ya maji. Zimamoto wa Hegland ni watu wa kujitolea, wakulima na wenye maduka, na Orrin alikuwa mmoja wao. Wawili walitambaa chini ya mabehewa na sanduku la dawa, wakaenda kwa Eunice. Merle alitambaa kuja upande wao. Alipoinuka, aliyesimama mbele yake alikuwa Orrin.

"Eunice yuko wapi?" Orrin aliuliza.

"Yuko nje. Kaungua mikono. Moto unakwenda kwenye nyumba, Orrin."

"Wenye mabehewa umewaambia?"

"Wanasema kesho."

Orrin alilitazama tangi lililokuwa mbele yake kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mimi siruhusiwi kugusa hata gurudumu la haya madude. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa."

"Najua," Merle alisema. "Nakuomba."

Orrin alitema mate chini, akamwambia dereva wa zimamoto amkimbize ghalani.

Watu wa Hegland hawakuwahi kukiona kile kichwa kikienda mbio namna ile. Gerhard, meneja wa ghala, alining'inia ubavuni mwake. Kila behewa lilikuwa limekazwa breki ya mkono, na kuzifungua zote kungechukua muda ambao nyumba haikuwa nao. Gerhard alifungua chache, akayatenganisha mabehewa pale penye barabara, akapunga mkono. Orrin akavuta. Magurudumu yaliyokazwa hayakuzunguka, yaliburuzwa juu ya chuma yakipiga kelele na kutoa moshi, lakini yalikwenda, na barabara ikafunguka.

Zizi liliteketea pamoja na ndama wengi na mama zao. Nyumba ilipona, imebabuka rangi upande mmoja. Merle alipogeuka kutafuta wa kumshukuru, kichwa cha treni kilikuwa kimesharudi kilikotoka.

Kampuni ilikuta mabehewa yamehama na magurudumu yamelika upande mmoja, hayafai tena. Ikaanza kuuliza. Gerhard alisema kichwa cha Orrin kilikuwa uwanjani siku nzima, yeye mwenyewe aliegemea hapo akinywa kahawa. Zimamoto walisema walikuta njia iko wazi. Mama wa posta alipoulizwa alifikiri kidogo, akasema, "Huenda ni upepo, bwana. Upepo wa hapa kwetu hauna adabu."

Mwezi wa Aprili mjumbe wa kampuni, mtu mpole aitwaye Pruett, alikuja kikaoni. Alieleza kwamba kampuni inamshuku mtu fulani, lakini haina shahidi, na bila shahidi suala litaachiwa bima na kufungwa. Aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walitazama meza. Pruett akaanza kukusanya vitu vyake.

Merle akasimama. Tangu siku ya moto alikuwa akijiona mdogo kuliko soksi zake. Aliona aibu kwamba mtu aliyemwokoa hakupata hata neno moja la shukrani mbele za watu, na kwamba yeye, aliyemwondoa kwa mkono wake, amejificha kwenye ukimya wa wengine. Alikuwa amejiandaa. Alisema kwamba Orrin Veum ndiye aliyeyasogeza yale mabehewa, kwa kichwa chake, kwa sababu yeye Merle alimwomba, na kwamba bila hivyo asingekuwa na nyumba.

"Merle, kaa chini," Eunice alisema kwa sauti ndogo kutoka nyuma, mikono yake ikiwa bado na bendeji.

Merle alidhani mkewe anaona haya mambo ya nyumbani kwao kutajwa hadharani. Akaendelea. Akamtaja na Gerhard. Akasema kama kuna wa kulaumiwa ni yeye, maana ndiye aliyeipa kampuni haki ambayo haikuistahili. Alipomaliza alingoja, hakujua anangoja nini. Hakuna aliyepiga makofi. Pruett alikuwa ameketi tena na kutoa kalamu. Orrin, aliyesimama mlangoni, alivaa kofia yake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda upesi. Wakaguzi wa reli walimfutia Orrin leseni ya udereva wa treni. Kampuni ikatishia mahakama, na ushirika, kwa kuogopa, ukamwachisha kazi Gerhard na kumtaka Orrin aondoe kichwa chake uwanjani. Hakikuwa na pa kwenda, kwa kuwa kila njia iliyotoka pale ilikuwa ya kampuni. Mafundi walikuja na mitungi ya gesi wakakikata vipande palepale, kikauzwa chuma chakavu.

Orrin aliamua kuhamia mji wa Duluth, kando ya ziwa, kwa bintiye. Merle alikwenda kwake akiwa anafunga mizigo. Akasaidia kubeba kochi bila kuombwa. Walipoliweka ndani ya lori, Orrin akajifuta jasho.

"Ungenyamaza tu," alisema.

"Nilitaka watu wajue ulichonifanyia."

"Watu walikuwa wanajua, Merle. Ndiyo maana walinyamaza."

Merle alitaka kusema samahani, lakini Orrin alikuwa ameshaingia ndani kuchukua meza, na bintiye akaja kumwambia, kwa heshima, kwamba zilizobaki watazimudu wenyewe.

Muda wa mkataba ulipokwisha, halmashauri ilitangaza kwamba yeyote anayetaka haki ya reli ile aombe. Merle alikuwa amejitayarisha kupiga kura ya kuikataa kampuni. Hakuna mwingine aliyeomba. Kampuni ikaongezewa muda, na Merle akajiuzulu, na kiti chake kikabaki wazi kwa kukosa mtu.

Mikono ya Eunice ilipona, ila vidole viwili havikunjiki. Kila Krismasi humpigia Orrin simu kutoka jikoni. Huzungumza naye kwa muda mrefu, hucheka, humwuliza habari za wajukuu na za ziwa la Duluth. Merle hukaa sebuleni amezima televisheni, akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Eunice akimaliza hukata simu, humwambia mumewe kwamba Orrin hajambo, na kurudi kwenye mapishi yake.