Nani Kala Pointi za Marietha?

Wezi Marietha anawajua. Wa kuku anawajua, wa mizani anawajua, hata wale wanaochanganya maji kwenye mafuta ya alizeti. Mwizi wa pointi za ndege hakuwahi kumsikia mpaka Jumatatu ile, na aliyemdhania ni mtu wa damu yake mwenyewe.

Alikuwa Ikungi anakunywa chai na rafiki yake Jesca, ofisa wa serikali. Marietha huuza mafuta ya alizeti, na kwa miaka miwili amepanda ndege Dodoma kwenda Dar es Salaam karibu kila mwezi kuonana na wanunuzi. Jesca naye huenda huko huko, ndege ile ile, kwa kazi za ofisi. Wote wana kadi ya shirika la ndege, ile inayokuwekea pointi kila ukisafiri, na zikitosha unapewa tiketi ya bure. Basi Jesca akafungua simu, akatangaza kwamba zake zimefika elfu kumi na nne. Marietha akafungua yake. Elfu moja na mia tisa.

"Haiwezekani! Safari zetu si sawa?"

"Sawa kabisa. Labda wewe umenizidi."

"Sasa zangu nani kala?"

Jesca alirudi kwenye chai yake, ila Marietha alishapata jibu. Kadi alifunguliwa na Edward, mtoto wa marehemu dada yake, mwenye ofisi ya kukata tiketi pale mjini, mtaa wa Utemini. Namba ya siri anayo Edward. Tiketi zote hukata Edward. Na huyo huyo Edward, baada ya harusi yake, si alikwenda Zanzibar na mkewe, tena kwa ndege? Picha akaweka mtandaoni, kavaa kaptura, meno nje. Mtu mwenye ofisi ya meza moja anacheka nini?

Na kilichomuuma Marietha si safari yake. Pointi zile zilikuwa za mama yake, Bibi Dorkas wa Kinyangiri. Kaka yake Bibi Dorkas, Mzee Simoni, alikwenda Mtwara ujanani kutafuta kazi kwenye korosho akabaki huko moja kwa moja. Sasa Mzee Simoni ameanza kusahau. Watoto wake anawachanganya majina, na daktari kasema itazidi. Bibi Dorkas ana haja moja tu duniani, amwone kaka yake wakati bado anamtambua, na kiuno chake hakiwezi tena basi la siku mbili. Marietha alimwahidi tangu mavuno ya mwaka jana: "Subiri mama, pointi zikifika elfu kumi, unapaa bure."

Alimpigia Edward kumpima. "Hivi mwanangu, pointi zangu zikoje?"

"Ah, mama mdogo, zinakuja taratibu."

Taratibu! Neno hilo lilimkaa kooni siku tatu. Akakumbuka jinsi Edward anavyogeuza kompyuta yake ili mteja asione. Akakumbuka saa mpya mkononi mwake. Hata shikamoo zake, zilizokuwa ndefu na za heshima, sasa aliziona za mtu anayeficha jambo.

Alhamisi akamleta mama yake kutoka Kinyangiri. Kwao ukimsema mtoto wa ndugu yako bila bibi yake kuwepo, umesengenya tu. Mbele ya bibi, mtoto hasemi uongo. Wakaingia ofisini asubuhi, wateja wawili wakiwa kwenye benchi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama mdogo. Karibuni."

Bibi Dorkas akaitikia marahaba. Marietha hakuitikia. Alimwaga mezani mfuko mzima wa tiketi zake za miaka miwili. "Sema mbele ya bibi yako. Pointi zangu umezipeleka Zanzibar?"

Wateja wakaacha kuchezea simu. Edward akasimama. "Zanzibar? Ile ni zawadi ya wakwe, mama mdogo. Hata ukweni unaweza kuwapigia."

"Basi ziko wapi?"

Edward akavuta kiti, akazipanga tiketi kwa tarehe, polepole, akaweka kidole kwenye herufi moja ndogo pembeni mwa ile ya kwanza. "Ndege ni moja, kiti ni kile kile, ila bei zake ni ngazi, na kila ngazi ina herufi yake. Ya juu inakupa pointi zote. Ukishuka, nusu. Ukishuka tena, robo. Ya chini kabisa haikupi kitu. Hii ya kwanza ilikuwa ya juu. Zilizofuata zote ni za robo au za chini kabisa."

"Na nani alinishusha?"

Edward alimtazama bibi yake kwanza. "Wewe."

"Mimi!"

"Kila ukija, nikikutajia bei, unasema punguza, mimi ni mama yako. Bei ya ndege haipungui kama ya vitunguu, mama mdogo. Nilikuwa natafuta ngazi ya chini nakuwekea, wewe unafurahi. Mwenzako Jesca naye namkatia hapa, lakini ofisi yake hailalamiki bei."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie haipungui? Ungesema nimekuwa mjeuri. Na ulikuwa unanisifu mbele za watu, Edward hawezi kuninyima. Nikaona raha, nikanyamaza. Hapo nina kosa."

Marietha aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamuwaka. Aliyesema ni Bibi Dorkas.

"Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nasubiri kitu ambacho hakiji?"

"Mama, mimi nilidhani..."

"Na nauli ulikuwa nayo?"

Marietha alianza kuzikusanya tiketi zake mezani. Nauli alikuwa nayo. Alikuwa nayo mwaka jana, na mwezi uliopita pia.

Edward, kwa kutaka kutuliza mambo, alipiga simu Mtwara, akaweka sauti ya nje. Binti wa Mzee Simoni akampa baba yake simu. Bibi Dorkas akainama mezani. "Kaka, ni mimi, Dorkas."

Ikaja sauti ya mzee, ya upole, kama anayesema na mgeni. "Dorkas kaenda kuchunga ndama, mama. Bado mdogo yule. Jioni atarudi, utamkuta."

Bibi Dorkas aliushika ukingo wa meza. Hakulia. Akamwitikia kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, haya, nitamsubiri.

Marietha alifungua mkoba. "Kata ya Mtwara ya kesho, mimi na mama."

"Ya kesho imebaki ngazi ya juu tu, mama mdogo," Edward alisema kwa woga. "Lakini hiyo ina pointi zote."

"Nizifanyie nini, Edward?" Alisukuma noti mezani. "Kata, baba. Kata haraka."