Kanda Iliyoandikwa Tupu

Fundi wa kanda alichovya pamba kwenye spiriti, akafuta kichwa cha mashine mara mbili, kisha akangoja kikauke. Maktabani walimwita Mama Polepole, na jina hakulikataa.

"Mama Polepole, hiyo imeandikwa tupu," mkuu wake alisema akiwa mlangoni. "Tupu zote zinatupwa leo mchana. Tovuti yetu ni ya hadithi, si ya ukimya."

"Nimesikia, bosi. Niisikilize kwanza."

Aliyeiomba alikuwa kwenye benchi, fundi viatu mwenye kucha nyeusi kwa rangi, kofia magotini. Zamani mtafiti mmoja alimrekodi mama yake. Sauti nyingine ya marehemu haikuwapo popote. Wajukuu walimjua kwa picha tu, tena ya kitambulisho.

Wakavaa spika za masikioni, kila mmoja zake. Kanda ikachakacha. Kisha mwanamke, karibu kabisa:

"Paukwa!"

Kimya.

"Paukwa!"

Mtu akavuta pumzi kando ya maikrofoni. Basi.

"Bwana wewe, masikio umeyaacha kwenu? Nasema paukwa!"

"Endelea tu, mama," mtafiti alinong'ona.

"Niendelee na nani, na ukuta? Hebu kizime kidude chako."

Kitufe kikalia kto. Ikakatika. Hata dakika mbili hazikutimia.

"Huyo mtafiti alitutoa nje!" fundi viatu alisema kwa nguvu, kama wasemavyo watu walioziba masikio. "Mimi na dada zangu. Eti tutamharibia kazi kwa kelele. Nilijibanza nyuma ya mlango, dada kaniziba mdomo hivi." Akajiziba kwa kiganja. "Irudishe, mama."

Akairudisha.

"Pakawa!" fundi viatu aliitikia, na wasomaji watatu wakageuka. Mwito wa pili akaitikia tena. Kwa wa tatu akaufunika uso kwa kofia.

Mama Polepole alingoja amalize kufuta uso kwa kofia. "Hadithi yenyewe unaijua?"

"Mwanzo tu. Usingizi ulikuwa unanichukua kila siku kabla haijafika mwisho."

Mama Polepole akavuta kadi ya kanda. Neno "Tupu" akalikata kwa mstari mmoja wa rula, na chini yake akaandika: *Msimulizi anaita mara tatu. Hajibiwi.*

Mkuu alipoingia na boksi la kutupia, aliisoma kadi akiwa amesimama.

"Sasa hii ndiyo hadithi?"

"Huyo ndiye msimulizi, bosi."

"Watu wafungue tovuti wasikie mtu anagomba?"

"Lakini anagomba vizuri," alisema fundi viatu.

Mkuu alitazama saa. Akaweka boksi sakafuni, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekwisha kuaga, akavaa spika. Mama Polepole akabonyeza kitufe. Chumbani hapakusikika kitu ila mnong'ono wa kanda ikizunguka. Wale wawili walikuwa wakimtazama mkuu mdomo, kama utafunguka kuitikia.